Kabla Hujanunua Turbo, Lipia Kipimo

Kuna sentensi moja ya gereji inayowatoa watu pesa kuliko nyingine zote: "Bosi, turbo imekufa." Hutamkwa boneti likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa, injini bado ya moto, fundi hajashika hata spana. Mwenye gari, ambaye wiki nzima amekuwa akikanyaga mafuta mlimani na gari linamtazama tu, anaitikia kwa kichwa. Jioni yuko kwenye simu na wauza spea wa Gerezani jijini Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road kama yuko Nairobi, anaulizia turbo iliyotumika kutoka Japani. Turbo inakuja, inafungwa, pesa imekwenda. Gari bado halivuti.

Nimekaa kwenye mabenchi ya gereji za kutosha kuona turbo nzima zikitupwa pembeni kwa kosa ambalo si lao. Mara nyingi mkosaji ni kidude kidogo kinachoenea kiganjani, valvu ya baipasi, au kimpira chembamba kinachoipelekea valvu hiyo habari. Spea hazijatupungukia, na mafundi wenye akili tunao. Kinachotukosesha ni kwamba tumezoea kulipia kufunga na kufungua, na hatujazoea kulipia kujua. Fundi akikufungia turbo ya malaki unamlipa bila ubishi. Akikaa nusu saa anasikiliza, anavuta, anapuliza, kisha akakwambia turbo yako ni nzima, unamwambia asante na kuwasha gari.

Tuanzie kwenye kidude chenyewe, maana bila kukielewa hoja haisimami. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza. Ya pili inavuta hewa safi, inaishindilia na kuisukuma injini, ili ndani ya silinda iingie hewa nyingi kuliko ambayo injini ingeweza kuivuta yenyewe. Mswisi Alfred Büchi aliliandikia hataza wazo hilo mwaka 1905, na tangu hapo kimsingi halijabadilika sana. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika; kwenye turbo ndogo za magari ya siku hizi hata laki mbili hupitwa.

Sasa uko barabara ya Morogoro, unalipita lori, presha iko juu. Ghafla mbele kuna tuta. Unaachia mafuta. Throtoli, ule mlango wa hewa unaoongozwa na mguu wako, inafungwa. Lakini feni haijapata taarifa. Inaendelea kuzunguka kwa kasi ile ile na kusukuma hewa kwenye mlango uliofungwa. Hewa ikikosa pa kwenda inarudi kinyumenyume ilikotoka, ikiyapiga mapanga ya feni njiani. Ule mlio wa "tu-tu-tu-tu" ambao vijana wanaurekodi kwa simu ndio huo: hewa inapigana na feni.

Valvu ya baipasi imewekwa ili pigano hilo lisiwepo. Throtoli inapofungwa injini haiachi kufyonza, kwa hiyo nyuma ya mlango, kwenye manifoldi, unatokea mvuto. Mvuto huo unasafiri kwenye kimpira chembamba hadi kichwani mwa valvu, unanyanyua kiwambo au pistoni iliyomo ndani, na hewa iliyokwama inafunguliwa njia ya kurudi mbele ya feni ikazunguke upya. Ukikanyaga mafuta tena, mvuto unageuka presha. Presha hiyo inapita kwenye kimpira kile kile, inaikandamiza valvu kwa juu na kuisaidia springi kuifunga.

Kimpira kimoja kina kazi mbili, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kikipasuka, gari linapata maradhi mawili kwa wakati mmoja. Wakati wa presha springi imebaki peke yake, inazidiwa, valvu inafunguka wakati ilipaswa kufunga, na nguvu yote inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Wakati wa kuachia mafuta hakuna mvuto wa kuinyanyua, kwa hiyo feni inapigwa. Dereva anafika gereji na malalamiko mawili yaliyoongozana: gari halina nguvu, na huko kwenye turbo kuna mlio. Ukimsikiliza kwa haraka, utasema turbo. Mimi mwenyewe ningesema turbo.

Mafundi wetu wengi walijifunzia turbo kwenye dizeli. Canter, Land Cruiser, Prado, malori ya Scania: hiyo ndiyo shule yao, na ni shule ngumu. Lakini injini ya dizeli kwa kawaida haipunguzwi nguvu kwa kuzibiwa hewa. Inapunguziwa mafuta tu. Hakuna mlango unaofungwa mbele ya presha, kwa hiyo dizeli nyingi hazina valvu ya baipasi kabisa. Fundi aliyefungua turbo za dizeli miaka ishirini anajua bushi, anajua oili, anajua mipira ya intakula, kile kipoozeo cha hewa ya turbo, inavyopasuka, na kwa uzoefu huo, presha ikipungua na mipira ikiwa mizima, kuishuku turbo ni haki yake. Halafu tukamletea Forester, Legacy na Golf za petroli. Ujuzi wake ni sahihi, ila umehamishiwa kwenye injini isiyo yake.

Na magari hayo hayapungui. Zamani gari la petroli lenye turbo lilikuwa la mtu mwenye haraka. Leo watengenezaji wanapunguza ukubwa wa injini na kufidia kwa turbo: Subaru Levorg ya 1.6, Nissan Juke ya 1.6, Toyota C-HR ya 1.2, Golf ya 1.4. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo kizazi hicho ndicho kinachoshuka bandarini Mombasa sasa, na Dar es Salaam hakiko nyuma. Mwalimu wa shule ya msingi anayenunua gari lake la kwanza anaweza akajikuta ana turbo bila hata kujua.

Nilichokishuhudia Ilala kinaeleza vizuri kuliko nadharia. Kuna fundi pale, mtu mzima asiye na maneno mengi, ambaye kwenye kisanduku chake cha spana ana bomba la sindano kubwa la plastiki, lile la hospitali la kumlishia mgonjwa kwa mpira, bila sindano. Kwenye mdomo wa bomba hilo amechomeka kimpira. Alikuja dada mmoja na Forester ya rangi ya fedha, na kwenye buti turbo iliyotumika, imefungwa kwenye kiroba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Turbo imekufa. Nyingine nimeshanunua, naomba unifungie tu."

"Nani kasema imekufa?"

"Fundi wa kule kwetu."

"Aliipima na nini?"

Dada akanyamaza kidogo. "Aliisikiliza."

Mzee akafungua boneti. Kwenye Forester ya namna ile intakula imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la kwenye boneti, na valvu ya baipasi imefungwa ubavuni mwake kwa boliti mbili. Alichomoa kimpira chembamba, akakikunja katikati ya vidole viwili, akamwonyesha dada: nyufa, nyeusi kwa nyeupe, kuzunguka pale mpira unapobana. Hakuishia hapo, na hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mbahatishaji. Alifungua valvu yenyewe, akaigeuza juu chini, akaunganisha bomba lake la sindano kwenye chuchu ya valvu, akavuta. Pistoni ikanyanyuka, taratibu, hadi mwisho. Akaishikilia hapo huku anaangalia saa ya mkononi. Haikushuka. Alipoachia, mchi wa bomba ulirudi ndani wenyewe kwa nguvu. Maana yake ule mvuto ulikuwa haujavuja popote, na kiwambo kilikuwa kizima. Angeuachia mchi ukabaki pale pale alipouvutia, angejua kiwambo kimetoboka.

Akakata kimpira kipya, kile kinene kinachovumilia presha na joto, akakifunga kwa klipu. Wakaenda kulijaribu gari. Waliporudi dada alikuwa anacheka. Turbo ya kwenye buti ikarudi nyumbani na mwenyewe.

Kisha mzee akataja ujira wake, na dada, ambaye siku chache kabla alitoa malaki kwa turbo isiyohitajika, akasema: "Kumbe ni kimpira tu? Si unipunguzie, fundi?"

Simsemi kwa ubaya. Angekuwa kaka, baba au mimi, neno lingekuwa hilo hilo. Tunaona kimpira, hatuoni miaka. Na fundi naye ana watoto. Anajua kabisa kwamba kwenye kimpira hakuna cha juu, na kwenye turbo kipo. Anajua pia kwamba akikwambia "niachie gari nilipime, kipimo ni elfu arobaini", utaenda gereji ya jirani ambako kuangalia ni bure. Mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo "kuangalia bure" kunalipwa kwa njia nyingine: kwa spea usiyoihitaji. Sisi wateja ndio tuliojenga bei hizi, kisha tunawaita mafundi wezi.

Nikisema kipimo, simaanishi mashine tu. Siku hizi kila kijiwe kina kidude cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma namba za hitilafu kwenye simu, na imekuwa ni balaa jipya. Simu inaandika P0299, fundi anasoma "presha ya turbo pungufu", na safari ya Gerezani inaanza upya, safari hii kwa baraka za kompyuta. P0299 inasema tu kwamba presha iliyoombwa haikupatikana. Haisemi nani kaila. Inaweza kuwa mpira wa intakula uliochomoka, westigeti, ule mlango unaoupitisha moshi pembeni ya turbo, iliyokwama wazi, valvu ya baipasi inayovuja, au turbo yenyewe. Namba zinazoitaja valvu ya baipasi kwa jina zipo, P0033, P0034 na P0035, lakini hizo zinahusu umeme wake: waya, koili, plagi. Kiwambo kikichanika huku koili ni nzima, kompyuta haitaona kosa lolote kwenye valvu; itaona tu kwamba presha haitoshi.

Njia ya pili inayopendwa, na ni nzuri, ni kupima uvujaji kwa upepo. Unachukua kifuniko cha bomba la PVC kinachokaa sawasawa kwenye mpira unaoingiza hewa kwenye turbo, unakitoboa, unapachika valvu ya tairi la tubilesi, unabana kwa klempu, unajaza upepo wa kijiwe cha pancha hadi psi 10 hivi, usizidishe, kisha unapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Ukisikia hewa kidogo inapumua kwenye kifuniko cha oili usishtuke, injini ina njia zake za ndani. Vifaa vyote hivyo vinapatikana kirahisi, na sijui kwa nini kila gereji haina kimoja kinaning'inia ukutani.

Ila kipimo hicho kina tundu ambalo limewaponza mafundi wazuri. Valvu ya baipasi inarudisha hewa mbele ya feni, yaani ndani ya eneo lile lile ulilolijaza upepo. Presha iko sawa pande zake zote mbili. Ikivuja, inavuja ndani kwa ndani, na sabuni yako haitatoa povu hata moja. Fundi anamaliza kukagua, haoni kitu, anasema: mipira mizima, basi ni turbo. Ili kuikamata inabidi uchomoe mpira wake wa kurudishia, uzibe lile tundu la upande wa turbo, ujaze upepo tena, halafu uweke kiganja kwenye mdomo wa valvu. Ikipumua, umeipata. Wengine huziba njia ya kurudishia kwa muda na kwenda kulijaribu gari kwa adabu: nguvu ikirudi yote, mwenye kosa amejulikana. Kizibo kitolewe siku hiyo hiyo, maana kukiacha ni kuirudishia feni kile kipigo tulichokuwa tunakikimbia. Hakiui turbo kwa siku moja, lakini bushi za shafti zinakihesabu.

Wenye geji ya mvuto wana faida, mradi wakumbuke walipo. Injini nzima ya petroli ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, hapa Dar es Salaam, usawa wa bahari, husoma inchi 18 hadi 20 za zebaki. Ipeleke Mbeya au Nairobi, karibu mita 1,700 juu, na geji ile ile itasoma pungufu kwa inchi tano hivi bila injini kuwa na ugonjwa wowote, kwa sababu hewa ya nje yenyewe ni nyepesi. Fundi wa Mbeya anayetumia takwimu za kitabu cha pwani atatafuta uvujaji ambao haupo. Kinyume chake pia ni kweli: huko juu turbo inafanya kazi zaidi kupata presha ile ile, na uvujaji mdogo usioonekana Kibaha unajitokeza ukipanda Kitonga.

Magari ya Kijerumani yana mtindo wake. Kwenye injini za TFSI za lita mbili za Volkswagen na Audi, valvu haitegemei kimpira cha mvuto. Ni ya umeme, imebanwa moja kwa moja kwenye turbo kwa boliti tatu, mahali ambapo vidole vya mtu mnene haviingii. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kiwambo cha mpira, na kiwambo hicho huchanika. Kiwanda chenyewe baadaye kikaja na toleo la pistoni. Kuipima ni rahisi ukishaifikia: ipe umeme wa volti 12, utasikia "tak" na kuona ikijivuta, kisha iangalie kiwambo mwangani huku unakinyoosha kidogo kwa kidole gumba. Mchaniko mara nyingi uko ukingoni na hauonekani mpaka kiwambo kinyooshwe. Nimewaona watu wakiuziba kwa silikoni au supagluu. Gundi ikikauka inakuwa ngumu, kiwambo kinafanya kazi ya kujikunja, na baada ya safari chache kipande cha gundi kiko njiani kuelekea kwenye feni inayozunguka mara laki na ushei. Kiwambo kilichochanika hakishonwi. Hununuliwa kingine, cha uhakika, kwa sababu kopi za bei poa huwa na springi legevu inayokurudisha pale pale ulipoanzia.

Pistoni ikiwa inakwama kwa uchafu tu, hiyo husafishwa, ikapakwa grisi nyepesi isiyokula mpira, ikaendelea na maisha. Usiioshe kwa petroli.

Nifike kwa vijana wa "psshhh". Mapenzi yetu kwa Subaru hayakuanza jana. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza, Richard Burns akashinda ya mwaka 2000 kwa Impreza, na watoto waliosimama kwenye vumbi la barabara wakitazama ndio baba wenye Forester leo. Mashindano yaliporudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, pale Naivasha, homa ikapanda tena. Nayaelewa mapenzi hayo, ninayo. Lakini sehemu ya mapenzi hayo imegeuka biashara ya kung'oa valvu ya kiwanda na kufunga ile inayomwaga hewa nje kwa kishindo, ili ukibadili gia mtaa mzima ujue.

Kwenye Subaru hizi sensa ya hewa iko mwanzo kabisa, karibu na chujio. Inapima kila hewa inayoingia na kompyuta inaandaa petroli kulingana na hesabu hiyo. Valvu ya kiwanda inairudisha hewa ndani, kwa hiyo hesabu inabaki sahihi. Ya kumwaga nje inaitupa hewa ambayo tayari imehesabiwa. Petroli yake inaingia, yenyewe haipo. Kila ukibadili gia injini inapokea petroli ya ziada: moshi mweusi, plagi zinashika masizi, gari linashtuka. Na ikiwa springi ya valvu hiyo ni laini, kwenye sailensa mvuto unaifungua na injini inavuta hewa ambayo sensa haikuiona. Sasa petroli inapungua, sailensa inapanda na kushuka, gari linazima kwenye foleni ya Ubungo. Yako magari yanayokisia hewa kwa presha ya manifoldi badala ya sensa hiyo, na hayo huvumilia zaidi. Forester yako si mojawapo.

Kinachonikera si kelele. Kijana akichoka na gari analiuza, anairudisha au hairudishi valvu ya kiwanda, na mama mmoja anayelinunua ndiye anayekuja kuzimikiwa njiani, akiambiwa sensa mbovu, pampu mbovu, na mwisho wa yote, bila shaka, turbo imekufa. Ukinunua gari la turbo mkononi mwa mtu, funua boneti utazame kama valvu ina mpira wa kurudishia hewa au mdomo wake uko wazi unatazama juu. Mdomo ukiwa wazi, punguza bei au omba ya zamani.

Nisije nikaeleweka kwamba turbo haifi. Inakufa, na huku kwetu inauawa kwa oili: iliyopitiliza muda, ya bandia, au injini kuzimwa ghafla ikiwa imetoka kupandishwa mlima, turbo ikiwa nyekundu. Lakini kifo chake kina ushahidi. Chomoa mpira wa kuingizia hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kuchezacheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, bushi huelea kwenye oili na sasa haina presha. Ukiivuta na kuisukuma mbele na nyuma ukasikia inagonga, au mapanga yana alama za kukwangua ukuta, hapo msiba ni wa kweli. Moshi wa bluu, oili inayopungua bila kudondoka chini, oili iliyotuama ndani ya intakula kiasi cha kumwagika: ushahidi. Utando mwembamba wa oili kwenye mipira peke yake si ushahidi, injini nyingi hupumua hivyo. Dakika kumi zinatosha kuyaona yote haya, na asiyeyaona hana haki ya kutamka neno "imekufa".

Nini kifanyike? VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, imekuwa ikiwapima mafundi waliojifunzia gereji na kuwapa vyeti vya kurasimisha ujuzi wao, na Kenya ina majaribio ya ufundi ya NITA. Ni mahali pazuri pa kuingiza turbo ya petroli kama somo linalojitegemea, kwa vitendo, kwa bomba la sindano na kifuniko cha PVC, kwa sababu vifaa si kisingizio. Lakini cheti hakitambadilisha fundi ambaye mteja wake bado anataka kuangaliwa bure. Badiliko kubwa liko mfukoni mwa mteja.

Napendekeza desturi moja: ada ya kipimo, inayotajwa kabla boneti halijafunguliwa, isiyorudishwa, hata kama jibu ni kimpira. Fundi akitaka, aikate kwenye ujira wa matengenezo ukitengenezea kwake. Kwa ada hiyo mteja apewe karatasi, ya daftari tu inatosha, yenye mambo yaliyopimwa na kilichoonekana: kimpira cha mvuto, kizima au kimepasuka; valvu, ilinyanyuka na ikashikilia kwa sekunde ngapi; upepo wa sabuni, ulivuja wapi; shafti, inacheza upande gani; presha iliyoombwa na iliyopatikana barabarani. Kwenye valvu ya umeme uongezwe mstari wa volti zilizofika kwenye plagi na kama "tak" ilisikika. Karatasi hiyo ni ya mteja, aende nayo gereji yoyote, na fundi wa pili anayetaka kumuuzia turbo aanze kwa kuonyesha ni mstari upi anaoupinga.